Fungu la Mtu Mmoja

Maneno haya niliyasema kwenye semina ya wajumbe wa kamati za usimamizi wa zahanati na vituo vya afya katika halmashauri yetu. Wengi waliniomba nakala, na mimi siku ile nilikuwa na karatasi moja tu ya tarakimu. Nimekaa nikayaandika kama nilivyoyasema.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, waheshimiwa madiwani, Mganga Mkuu wetu, wajumbe wa kamati, wauguzi na matabibu mlioacha zamu kuja kunisikiliza: walionizidi umri, shikamooni, wengine, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie gharama za huduma ya afya zinazolipwa na umma. Naomba tuanze na hesabu, na kila mwenye simu afungue kikokotoo chake, maana hesabu hii nataka muifanye wenyewe, msinipokee mimi kwa mdomo. Bajeti ya Wizara ya Afya iliyopitishwa kwa mwaka 2024/25 ilikuwa takriban shilingi trilioni 1.31. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, na tangu hapo tumeongezeka. Gawanyeni. Mnapata kitu kama shilingi 21,200 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Gawanyeni tena kwa siku 365: shilingi 58. Andazi moja kwa mama lishe pale nje ya geti halipatikani kwa bei hiyo.

Haraka niseme, kabla Mweka Hazina hajaninyooshea kidole, kwamba hesabu hiyo peke yake inaidhulumu Serikali. Mshahara wa muuguzi wa zahanati hauko Wizara ya Afya, uko TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na halmashauri. Fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, kapu la wafadhili ambalo wengi wenu mnaliita basket, zinashuka kwa njia yake. Bima ya watumishi ina kapu lake. Ukikusanya kila kitu, yaani fedha za Serikali, za wafadhili, za bima na zile zinazotoka mfukoni mwa mgonjwa, nchi yetu imekuwa ikitumia takriban dola 40 kwa mtu kwa mwaka. Kwa fedha zetu ni kama laki moja. Karibu robo yake mgonjwa anaitoa mwenyewe, kwenye pindo la kanga, pale dirishani.

Naomba nikae kidogo hapo kwenye pindo la kanga.

Nilianza kazi nikiwa tabibu kijana, katika zahanati moja ya bondeni, miaka ya tisini. Dawa zilikuja kwenye masanduku yaliyokwisha kufungwa. Vilivyomo vilikuwa vilevile, uwe Njombe kwenye baridi au Rufiji kwenye maji na mbu. Kwetu klorokwini, dawa ya malaria ya enzi hizo, ilikwisha wiki ya pili ya mwezi, na kwenye rafu zilibaki dawa ambazo hapakuwa na mgonjwa wake, zikakaa hadi tarehe ikapita. Siku moja, msimu wa masika, mama alikuja na mtoto wa miaka miwili, anawaka moto. Nilimpima, nikajua ni malaria, na sikuwa na dawa. Nikaandika kikaratasi: kanunue. Yule mama alisimama dirishani, akafungua pindo la kanga kwa meno kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umemshika mtoto, akatoa noti zilizokunjwa ndogo kama hirizi, akazipanga juu ya kizingiti cha dirisha moja moja. Akaniuliza, "Daktari, kwa hizi atanipa zote au nusu?" Sikumjibu. Alikwenda duka la dawa baridi, akapewa nusu dozi.

Baada ya siku tano alirudi. Mtoto alikuwa mweupe viganjani, amekwisha damu. Tukampa rufaa. Alilazwa siku tisa, akaongezewa damu, na baba yake akauza baiskeli. Mtoto alipona, namshukuru Mungu kila nikikumbuka. Lakini nilipokuja kuhamishiwa ofisi ya wilaya na kuanza kuzishika hesabu, nilikaa nikapiga gharama ya siku zile tisa: kitanda, damu, sindano, gari la wagonjwa, mafuta, na baiskeli. Kisha nikaandika pembeni bei ya dozi moja kamili ya klorokwini ya mtoto. Sikuwahi kuisahau karatasi ile. Dozi ile haikukosekana kwa sababu nchi haikuwa na fedha ya kuinunua. Fedha ilikuwepo, imelala kwenye rafu kwa jina la dawa nyingine.

Ndugu zangu, hilo ndilo nililokuja kulisema. Tukisikia takwimu ya "kwa kila mtu" tunaiona kama kitu cha wachumi wa Dodoma. Mimi nawaomba mlione kuwa ni fungu. Kila mtu aliyeandikwa kwenye daftari la kijiji chako ana fungu lake katika fedha ya umma, dogo au kubwa, na kazi ya kamati ni kuuliza fungu hilo limefika wapi na limegeuka kitu gani.

Tulikotoka, fungu hilo halikuulizwa kwa sababu matibabu yalikuwa bure. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 Serikali ilijenga zahanati hadi vijijini kabisa, na mwaka 1977 ikazuia watu binafsi kufanya biashara ya tiba. Nawaheshimu sana waliofanya kazi ile. Mimi mwenyewe nilichanjwa na watu wao. Uchumi ulipoanguka miaka ya themanini, bure ikabaki kuwa neno. Jengo lipo, mhudumu yupo, dawa hakuna. Mwaka 1993 tukaanza kuchangia, kwanza kwenye hospitali kubwa, baadaye zikafuata za wilaya, kisha kikaja kile tunachokiita papo kwa papo, yaani unalipa pale pale unapotibiwa. Mwaka 1996 wilaya ya Igunga wakaanza Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao kaya inachangia mapema ili itibiwe ikiugua. Mwaka 2001 ukatungiwa sheria, na Serikali ikaahidi tele kwa tele, yaani mwananchi akitoa na yenyewe inaongeza.

Mwaka huohuo wa 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti yake iliyosema kwamba nchi maskini zikitumia dola 12 kwa mtu kwa mwaka, kwa huduma zilizochaguliwa vizuri, zinaweza kupunguza sana magonjwa na vifo. Sisi wakati huo tulikuwa kwenye dola 8 hivi. Watu wengi walicheka. Wengine wakasema, haya, tujaribu tuone.

Jaribio lilifanyika hapa kwetu, na linanisikitisha kila ninapokuta vijana wa afya wamesoma habari za nchi za mbali na hili hawalijui. Wizara ya Afya na shirika la utafiti wa maendeleo la Kanada walichagua wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini, zenye watu wapatao laki saba. Mradi uliitwa TEHIP, ulianza katikati ya miaka ya tisini. Timu za afya za wilaya zikaambiwa: tutawaongezea hadi dola 2 kwa mtu kwa mwaka, lakini kwanza tujue watu wenu wanakufa kwa nini.

Kwa hiyo wakatumwa watu nyumba kwa nyumba. Wanapiga hodi, wanakaribishwa mkekani, wanauliza kwa upole: mwaka huu mmefiwa? Nani? Alianza kuumwa lini, alikuwa na homa, alitapika, alipumua vipi? Msidharau kazi hiyo. Wengi wa marehemu wale walifia nyumbani, na kitabu cha hospitali hakikuwa na habari zao. Kuuliza mkekani ndiko kulikowapa sauti.

Majibu yalipowekwa pembeni ya bajeti, Morogoro ilionekana hivi. Malaria ilikuwa inachukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, yaani miaka ambayo watu wangeishi kama wasingekufa mapema, na ilikuwa inapata asilimia 5 ya bajeti ya afya ya mwaka 1996. Magonjwa ya watoto kwa pamoja, kuharisha, nimonia, surua, utapiamlo, yalikuwa asilimia 28 ya mzigo na yanapata asilimia 13. Kifua kikuu kilikuwa chini ya asilimia 4 ya mzigo, kikapata asilimia 22. Hakuna aliyeiba. Nasisitiza hilo, maana sisi tukiona hesabu hazikai sawa tunatafuta mwizi. Bajeti ilikuwa inanakiliwa ya mwaka uliopita, ikiongezwa kidogo huku na kule, na kila programu yenye mfadhili inakuja na fedha yake na masharti yake. Wilaya ilikuwa inapanga bila kuujua msiba wake.

Walipougeuza mpango ukafuata ugonjwa, wakawafundisha wahudumu kumtazama mtoto mzima badala ya kutibu homa peke yake, wakaacha masanduku yaliyofungwa na kuagiza dawa kwa mahitaji, na wanavijiji wakasomba mchanga na mawe kukarabati zahanati zao, matokeo yalikuja. Rufiji, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka mitano. Sisemi mradi ulifanya yote peke yake. Vyandarua navyo vilikuwa vimeanza kuenea. Lakini sikilizeni hili. Kati ya zile dola 2 walizoruhusiwa, wilaya ziliweza kutumia kama senti 80 tu. Senti 80 za dola, kwa mtu, kwa mwaka.

Nikiwaza habari hiyo, namwona yule mama kwenye dirisha langu.

Sasa, nimekwisha kusikia habari ya Rufiji ikitumiwa vibaya. Kuna watu husimama wakasema: mnaona, fedha si tatizo, tatizo ni mipango. Hapana. Senti 80 zilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na vifo vingi vilivyoweza kuzuiwa kwa vitu vya bei nafuu. Mkisha kuvizuia hivyo, vinavyobaki vina bei. Mama anayetoka damu baada ya kujifungua anahitaji damu salama, chumba cha upasuaji chenye umeme, na mtu wa kutoa dawa ya usingizi saa nane usiku. Mzee wa kisukari anahitaji dawa kila siku maisha yake yote. Kuna wa kusafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki, kuna wa saratani anayepanda basi hadi hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Hao huwezi kuwalisha mipango mizuri wakapona. Ndiyo maana wataalamu waliopiga hesabu upya waliendelea kuipandisha tarakimu: tume ya Shirika la Afya Duniani iliyoongozwa na Jeffrey Sachs mwaka 2001 ilitaja dola 34 kwa mtu, na mwaka 2014 watafiti wa Chatham House, London, wakataja dola 86, na hizo ni fedha za umma pekee, pindo la kanga halimo. Tupo mbali nazo.

Na marais wetu wa Afrika waliokutana Abuja Aprili 2001 waliahidi asilimia 15 ya bajeti za nchi zao kwa afya. Waheshimiwa madiwani, ahadi ile ina umri wa mtu mzima mwenye watoto, na sisi hatujaifikia. Mimi ni mstaafu, sina cheo cha kupoteza, nalisema waziwazi: fungu letu ni dogo mno, na haki yetu ni kudai liongezwe. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, tuliona kwa macho jinsi sehemu ya fungu hilo ilivyokuwa mkononi mwa mtu mwingine. Vijana waliokuwa wakifuatilia wagonjwa wa virusi vya UKIMWI majumbani waliambiwa wasije kazini kesho.

Lakini kudai bila kujua lililopo limekwenda wapi hakutatufikisha. Nilipata kusoma jinsi Thailand walivyoanza mwaka 2001, nikapenda kitu kimoja kuliko vyote. Waliweka tarakimu ya fungu hadharani: mwaka 2002 ilikuwa baht 1,202 kwa kila mtu asiye na bima nyingine, ambazo wakati ule hazikufika dola 30. Mgonjwa akifika alikuwa analipa baht 30 tu. Hospitali ya wilaya inapata fedha ya huduma za kila siku kwa kuhesabu watu walioandikishwa kwake, wazima na wagonjwa. Kila mwaka tarakimu hiyo hupigwa upya kufuata gharama halisi, watu hubishania, na imepanda hadi kupita baht 3,000. Raia wa kule anaweza kukutajia fungu lake kama sisi tunavyotaja bei ya mahindi.

Sisi tuna mbegu za jambo hilo, tena za zamani. Mfuko wa Pamoja ulipoanza mwaka 1999 ulihesabiwa kwa kichwa: nusu dola kwa mtu. Ukatengenezewa kanuni ya mgao: asilimia 70 kwa idadi ya watu, na asilimia kumi kumi zilizobaki kwa umaskini, kwa urefu wa njia ambazo gari la wilaya linapita, na kwa vifo vya watoto. Ni kanuni ya haki. Anayekaa mbali na anayefiwa sana anaongezewa. Na tangu mwaka 2017/18 fedha hizo zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati. Enzi zangu zilikaa wilayani, na mganga wa zahanati alikuwa anaomba hata ndoo. Leo mna akaunti, mna watia saini, na mwenyekiti wa kamati ni mwanakijiji. Hayo ni madaraka makubwa, na naogopa hamjayashika sawasawa.

Nawapa mfano. Nilitembelea zahanati moja mwaka jana, siitaji jina kwa kuwa wahudumu wake ni watu wema na wamechoka. Kwenye ubao wa matangazo palikuwa na ratiba ya chanjo na picha ya mama anayenyonyesha. Hapakuwa na tarakimu yoyote. Nikamwuliza mjumbe mmoja wa kamati, robo hii mmepokea shilingi ngapi? Akasema, "Hiyo anajua daktari." Nikamwuliza mganga mfawidhi, akanionyesha: fedha za robo ya kwanza ziliingia robo ya pili ikiwa inakwisha. Katikati, dawa za shinikizo la damu zilikwisha, Bohari ya Dawa hawakuwa nazo, mshitiri, yule muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuuza dawa Bohari inapokosa, alikuwa nazo, lakini akaunti ilikuwa haina kitu. Wazee, wenye msamaha wa kutolipa kwa sera ya Serikali, wakaandikiwa kikaratasi: kanunueni. Kikaratasi kilekile nilichokiandika mimi.

Mzee akikosa dawa ya presha kwa miezi miwili tunajua kinachofuata. Anaanguka shambani, anapooza upande mmoja, binti yake anaacha biashara ya mboga amuuguze. Kwenye vitabu vya Serikali gharama hiyo haionekani popote, na fungu la yule mzee litasomeka kuwa lilitumika.

Tunaingia kwenye Bima ya Afya kwa Wote. Sheria yake ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Naiunga mkono kwa moyo wangu wote, kwa kuwa ni njia ya kuliondoa pindo la kanga dirishani. Ila kumbukeni yaliyoupata Mfuko wa Afya ya Jamii. Kadi iliyoboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, yaani elfu tano kwa mtu. Watu walikata, wakaja nayo wakiwa wamevaa vizuri, wakaambiwa hakuna dawa. Mwaka uliofuata hawakurudi, na sisi maofisini tukaandika kwamba wananchi hawana mwamko. Niliandika hivyo na mimi, kwenye taarifa yenye sahihi yangu, na nimekuja kuijutia. Mwamko walikuwa nao. Walinunua ahadi, na ahadi haikuwepo kwenye rafu.

Kwa hiyo leo sikuja na risala ndefu zaidi ya hii. Nimemwomba Mganga Mkuu kitu kimoja, naye amekubali. Kila kamati imeletewa kitabu cha MTUHA, kile cha kuandikia wagonjwa na magonjwa yao, cha zahanati yake na taarifa ya benki ya mwaka mzima. Tutakaa zahanati kwa zahanati. Mtachukua fedha iliyoingia, mtaigawanya kwa watu wa vijiji mnavyohudumia, na mtaandika fungu hilo kwa maandishi makubwa kwenye karatasi ya manila. Chini yake mtaandika magonjwa matano yaliyoongoza kwenye kitabu, na pembeni ya kila ugonjwa, fedha iliyokwenda huko. Karatasi hiyo itarudi nanyi na kubandikwa ukutani, pale mtu anapokaa kusubiri, kwa urefu ambao mama aliyebeba mtoto anaweza kusoma.

Atakayekuta hesabu hazikai, anyooshe mkono, nitakuja mezani kwake. Tuanze na robo ya Julai.